Nambari Nne Nilizozitunga

Vijana wangu wa kituoni, wiki jana mmoja wenu alinipigia simu kunipongeza. Alisema katika madaftari yote ya zamani mnayoyapiga picha ili yaingie kwenye kompyuta, ukurasa mmoja umewapendeza kuliko mwingine wowote. Mwandiko umenyooka, nambari zimepangwa kama mahindi yaliyopandwa kwa kamba, hakuna mahali palipokatwa, hakuna hata doa la chai. Chini kuna jina langu, Ndung'u. Akaniambia mmetoa nakala mkaibandika ukutani iwe mfano kwa wanaoanza kazi. Nilimshukuru, nikakata simu, nikaketi juu ya gunia pale nje ya mlango. Mke wangu aliniangalia akauliza nani amekufa.

Nikamwambia hakuna aliyekufa. Lakini tangu siku hiyo chakula hakishuki vizuri.

Uondoeni ukurasa huo ukutani kwanza, halafu rudini mketi. Nitazunguka kidogo kabla ya kufika, mnivumilie. Mzee mwenye jambo la kukiri haendi moja kwa moja, na isitoshe dhambi yenyewe hamtaielewa bila kuijua kazi tuliyokuwa tukiifanya.

Nyinyi mmekuta kamera. Mnaielekeza, mnabonyeza, mnakwenda kupika chai. Siwalaumu. Enzi zetu pale kilimani, nje kidogo ya Kitale, tulikuwa na darubini ileile mnayoitumia, lakini nyuma yake kulikuwa na kipima-mwanga, kidude chenye kioo kidogo kinachoonyesha nambari tatu. Nyota iking'aa, nambari inakuwa kubwa. Ikififia, nambari inapungua. Kila dakika mtu mmoja anaisoma na mwingine anaiandika pamoja na saa. Ndiyo kazi yote hiyo. Mtu angetupita angedhani tunahesabu magunia.

Tulikuwa tunapima nyota ndogo, zile nyekundu. Ndizo nyingi kuliko zote angani, na hakuna hata moja utakayoiona kwa macho yako bila darubini. Ikiwa peke yake, nyota kama hiyo haikubali kupimwa. Ni lazima uipate yenye mwenzake, zinazungukana, na mzunguko wenyewe uwe umekaa kiasi kwamba tukiwa huku kwetu tunaona moja ikipita mbele ya nyingine. Hapo mwanga unapungua kwa muda, kisha unarudi. Tuliita kupatwa, kama kupatwa kwa jua au mwezi.

Aliyenifundisha maana ya jambo hilo ni Mzee Barasa, fundi wetu mkuu, mtu wa Bokoli. Hakunifundisha darasani. Tulikuwa tumekwenda Bungoma kuchomelea chuma cha darubini kilichokatika, tukawa tumesimama kando ya barabara tukimsubiri fundi, ikapita trakta ya miwa na matela yake.

"Simama hapa kwa mringoti wa simu," akaniambia. "Hesabu tangu pua ifike mpaka mkia upite."

Nikahesabu sekunde tisa.

"Hiyo trakta inaenda mwendo wa mtu anakimbia pole pole. Sasa si umejua urefu wake? Hujaigusa, hujaipima na futi. Mwendo mara muda, basi."

Nikamuuliza na uzito je. Akasema uzito ni watoto wawili walioshikana mikono wakizungushana. Mzito anasogea kidogo, mwepesi ndiye anarushwa huku na huku. Ukijua kila mmoja anakimbia kiasi gani, umejua nani amekula ugali zaidi.

Mwendo wa nyota hatukuupima sisi. Uliletwa na wenzetu wa ng'ambo wenye darubini kubwa, wanaotawanya mwanga uwe rangi rangi na kuziangalia rangi zikisogea. Sisi tulikuwa watu wa muda. Kupatwa kumeanza saa ngapi, kumekwisha saa ngapi. Ukikosea kwa dakika chache, nyota inanenepa au inakonda daftarini, nayo huko iliko haina habari.

Na tulikosea, tena sana. Mwaka wangu wa kwanza niliwahi kuripoti kupatwa ambako hakukuwa kwenye ratiba yoyote. Mwanga ulishuka, ukapanda, ukashuka tena. Nikajiona nimegundua kitu. Mzee Barasa akapanda ngazi, akamulika ndani ya darubini, akatoa mkono umejaa kumbikumbi. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, wakaruka jioni, wakafuata taa niliyosahau kuizima. Aliwakaanga kwenye sufuria ya chai, akanipa sehemu yangu. "Kula ugunduzi wako," akasema. Kuanzia hapo nilizima taa.

Mafunzo yake mengine nayakumbuka bila kuyaandika. Fungua paa la kuba saa nzima kabla ya kuanza, ili chuma kipoe kilingane na hewa ya nje. Usipulizie kioo pumzi yako. Andika kwa penseli, kalamu ya wino inagoma kwenye baridi na umande. Na hili alilirudia mpaka likatuchosha: kosa linapigwa mstari mmoja, halifutwi. Ukurasa usio na mkwaruzo, alisema, ni wa mtu ambaye hakuwepo.

Mlisikie hilo vizuri, nyinyi mliobandika ukurasa wangu ukutani.

Sasa niwaambie habari za bomba. Kipima-mwanga kilikuwa juu kwenye kuba, gizani. Saa na daftari vilikuwa chumba cha chini, kwenye taa. Katikati palikuwa na sakafu ya zege. Mzee Barasa alitoboa shimo akapitisha bomba la plastiki la maji, mdomo mmoja juu, mdomo mmoja chini. Wa juu anaita, wa chini anaandika. Wa juu, kwa miaka sita, alikuwa Nekesa. Wa chini nilikuwa mimi.

Nekesa alitoka Myanga. Alikuja kituoni na diploma ya ualimu wa sayansi na macho ambayo sijawahi kuyaona kwa mtu mwingine. Angeangalia nyota kwenye darubini akakwambia nambari kabla kioo hakijaionyesha, na hakosi sana. Alikuwa na kicheko cha ghafla. Pia alikuwa mkaidi, na katika kazi ile ukaidi ni nusu ya akili.

Taabu yetu ilikuwa ulimi. Baba yangu alihamia huku Trans-Nzoia kutoka Mkoa wa Kati, na Mkikuyu hana herufi ya eli, hilo mnalijua, mimi hadi leo nasema "rakini" na mke wangu ananisahihisha mbele ya wageni. Nekesa, kama watu wengi wa Bungoma, alikuwa nazo zote mbili, eli na ara, lakini hazikukaa mahali pake. Yeye akisema "lala" mimi nasikia jambo lingine, mimi nikisema "kura" yeye anadhani nina njaa. Tulichekana sana. Mzee Barasa, ambaye naye alikuwa hivyo hivyo, alichoka kuona nusu ya usiku inapotea tukiulizana, akaweka sheria: kwenye bomba hakuna eli wala ara.

Akatuchagulia maneno. Mwanga ukianza kushuka, "Umeingia!" Ukirudi wote, "Umetoka!" Mbingu zikizibwa, "Wingu!" Usiposikia vizuri, "Tena!" Hakuna neno lenye herufi hizo mbili. Nambari mbili na sifuri tulizisamehe, maana hakuna nyingine za kuchanganya nazo. Sheria hiyo ilitufaa miaka yote sita, isipokuwa jioni moja.

Vitabu vya wakati ule vilisema nyota ndogo ya uzito fulani ina unene fulani, kwisha maneno. Nekesa alipima nyota pacha moja, kupatwa kwa kwanza, kwa pili, kwa tatu, na kila mara akaiona nene kuliko vitabu vilivyoruhusu. Kupatwa kulichukua muda mrefu mno. "Imefura," alisema, na akaanza kuiita hivyo, Mfuro, kama mbuzi aliyempa jina.

Mkurugenzi wetu, tuliyemwita Daktari, hakuwa mtu mbaya. Alimwambia vizuri kwamba zile mara tatu saa yetu ilikuwa ile kuukuu inayokimbia ikipata baridi. Sasa tumepata saa mpya inayosikiliza satelaiti. Kumebaki kupatwa kumoja kabla ya mvua za masika. Kukitoka vilevile, basi ataandika barua. Wenzetu wa ng'ambo walikuwa na nafasi moja ya mtu kwenda kusoma huko hadi shahada ya juu, na walitaka mtu mwenye kitu kipya mkononi. Nekesa alikuwa nacho.

Aliponieleza alikuwa anaosha vikombe. Alisimama na kikombe kinachuruzika maji. "Ndung'u, mimi nikienda huko, nitarudi niwe Daktari. Utaniita Daktari wewe, ati." Nikamwambia nitakuita hata sasa. Nilisema kweli. Nilimtakia mema, na msidhani nilikuwa na wivu. Ningekuwa na wivu ningekuwa na kisingizio.

Jioni yenyewe tulianza saa moja na nusu. Mzee Barasa alikuwa na homa, amelala kwake. Na mimi nilikuwa na redio ndogo chini ya meza, betri zake zimefungwa kwa raba, kwa sababu kulikuwa na mechi. Redio ilikatazwa chumbani. Niliweka sauti chini kabisa.

Saa mbili kasoro dakika kumi Nekesa aliita, "Umeingia!" Nikaandika. Nambari zikaanza kushuka kutoka mia nane na kitu mpaka mia nne na kitu. Safi kabisa. Kisha mawingu yakatoka upande wa Elgon, akaita, "Wingu!" Nikaandika wingu, nikapandisha sauti ya redio kidogo. Sikuwa na la kuandika, nilijiambia.

Mawingu yalifunguka dakika nne tu. Dakika nne, katikati ya saa nzima ya kuzibwa. Na katika dakika hizo hizo mwamuzi alipuliza filimbi akaonyesha penalti.

Sauti ya Nekesa ilikuwa inakuja kwenye bomba, nambari, nambari, nami nikaisikia kama mtu anavyosikia mvua akiwa usingizini. Kisha akaita neno moja kwa nguvu: "Umeregea!"

Halikuwa neno letu. Lilikuwa na ara ndani yake. Kuuliza si ujinga, na nilichotakiwa kufanya ni kuweka mdomo kwenye bomba na kusema, "Tena!" Sikusema. Nilikuwa nimeinamia redio. Nilipoinua kichwa, ameshaita wingu, na visanduku vinne kwenye daftari vilikuwa vitupu.

Kwetu Kitale mtu akikwambia "ngoja, naregea," anamaanisha anarudi. Basi mwanga umerudi, nikajiambia. Kupatwa kumekwisha. Nikachukua penseli nikatunga nambari nne za mwanga kamili. Nane nne moja. Nane tatu tisa. Nane nne sifuri. Nane nne mbili. Nilizipindisha kidogo zisifanane, maana uongo ulionyooka sana unajulikana. Mawingu yalipoondoka kwa mara ya mwisho, nyota ilikuwa kweli imerudi, kwa hiyo hakuna kilichonipinga.

Asubuhi nikaona zile nne zimekolea tofauti na nyingine, penseli ilikuwa imechongwa upya. Nikaunakili ukurasa mzima kwa mwandiko mzuri. Ule wa kwanza niliwashia jiko la chai.

Mzee Barasa aliporudi kazini aliutazama ukurasa. Aliugeuza, akautazama mgongo wake kana kwamba kosa limejificha huko.

"Hii mbona haina mkwaruzo?"

"Nilikuwa makini, Mzee."

Akanirudishia daftari. "Haya," akasema. Mwezi uliofuata alistaafu akarudi Bokoli, na sijui alibeba nini moyoni. Alikufa kabla sijapata ujasiri wa kumuuliza.

Kwa ukurasa wangu kupatwa kulikuwa kufupi, na nyota ikatoka na unene uleule wa vitabu. Daktari alifurahi kwa namna ya mtu aliyeponea chupuchupu kuaibika mbele ya wageni. Nekesa alikuja mezani akabishana. Alisema anakumbuka mwanga ulikuwa bado uko chini mawingu yalipofunguka. Daktari akamsogezea daftari. "Nambari uliita wewe, ama aliita nani?"

Nekesa akaweka kidole kwenye visanduku vinne. Akanigeukia mimi.

"Ndung'u, hizi niriziita mimi?"

Mtu anayeita nambari mia mbili gizani, kwenye baridi, hazikumbuki hata moja. Alikuwa ananiuliza kwa uaminifu kabisa, kama mtu anayemuuliza daktari wa hospitali. Nikamjibu, "Uliita wewe."

"Basi ni macho yangu yamenidanganya," akasema. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alirudisha daftari kwenye rafu. Barua haikuandikwa, mvua zikaja, nafasi ile akapewa mtu wa nchi nyingine.

Mnaweza kusema, lakini wakati ule Ndung'u alidhani mwanga umerudi kweli. Alidanganya nambari, hakudanganya nyota. Hata mimi nilijifariji hivyo, kwa miezi miwili.

Baada ya masika Nekesa aliacha kazi. Alisema mama yake amezeeka, anahitajika nyumbani. Alinialika Myanga kula chakula cha kuagana. Mama yake aliniandalia kuku na ugali wa wimbi, akaniwekea firigisi pembeni ya sahani yangu, na wale mnaotoka huko mnajua firigisi haipewi mtu hivi hivi. Aliambiwa mimi ndiye niliyeandika kazi ya binti yake kwa miaka sita. Nilikuwa nimeishika firigisi mkononi wakati ng'ombe aliyefungwa nje alipoanza kutangatanga kuelekea mihogo. Mama akamwita Nekesa, kwa Kiswahili, kwa heshima yangu mimi mgeni.

"Nekesa! Kamba imeregea! Kaza!"

Nekesa akatoka akaikaza kamba.

Mimi nikabaki pale. Imeregea. Imelegea. Kamba iliyolegea, mtu aliyelegea kwa homa, mwanga uliolegea. Nyota ilikuwa bado imefichwa, mwanga wake bado mchovu, na Nekesa alikuwa ameacha maneno ya kazi akatumia neno la mama yake, kwa sababu alikuwa ameona kile alichokingojea mwaka mzima na furaha ilimshinda. Alikuwa ananiambia yuko sahihi, nami nikaandika kinyume chake.

Nilimeza firigisi kwa maji. Nilimshukuru mama. Nekesa alinisindikiza mpaka barabarani, na njiani aliniambia nisimsikitikie. Nikamuaga, nikaondoka.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Niliogopa kufukuzwa kazi, nilikuwa na watoto wadogo. Baadaye niliona aibu, si ya uongo wenyewe, bali ya redio. Mtu anaweza kukiri uongo mkubwa wenye sababu kubwa. Kukiri kwamba ulimharibia mtu maisha kwa sababu ya penalti ni kazi nyingine. Halafu miaka ikapita, na kila mwaka ulifanya unaofuata uwe mzito zaidi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ndefu ajabu. Na majuto ni mjukuu, lakini huyu wangu ameshaota ndevu.

Kamera zikaja, bomba likazibwa kwa saruji. Nilijifunza kamera, nikawa fundi mkuu, nikawa naitwa Mzee. Siku moja walikuja wageni wa chuo kikuu wakatuonyesha mchoro ukutani: nyota ndogo zilizopimwa kote duniani, kila moja nukta, na mstari wa kile vitabu vilichotarajia. Nukta nyingi zilikuwa juu ya mstari. Nyota hizi ni nene kuliko zinavyotakiwa, wakasema, huenda ni usumaku wake na madoa yake, bado inachunguzwa. Miongoni mwa nukta niliiona Mfuro, imepimwa upya na watu wengine, kwa vyombo vizuri, na imefura vilevile alivyosema Nekesa. Watu wakapiga makofi. Nikatoka nje nikajifanya naangalia kama tangi la maji limejaa.

Baada ya ile simu yenu, Jumamosi nilikwenda Myanga. Mama alishafariki. Nekesa amekuwa mtu mzima wa miwani, ana migomba na ng'ombe wawili. Alinipokea kwa furaha. "Umekonda, bana! Kitare hakuna chakura?" Akaniletea kiti, akaniletea chai, akanisimulia kwamba alifanya kazi miaka mingi upande wa Mabanga, kupima mbegu za wakulima.

"Hiyo kazi iritaka watu wawili," akasema akicheka. "Mimi sisomi mizani peke yangu. Tangu ire mambo ya nyota, nikisoma kitu namwita mtu asome tena. Hata dawa ya mtoto nirikuwa naita jirani aangarie chupa. Macho yangu siyaamini, Ndung'u."

Alilisema kama mtu anavyosema magoti yanamuuma. Nikajua hapo kwamba nilikuwa nimekosea hata hesabu ya kosa langu. Nilidhani nimemnyima shahada.

Nikaweka kikombe chini nikamweleza yote. Redio, visanduku, jiko la chai, kamba ya ng'ombe. Nilitaka anitukane, nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Alivua miwani akaifuta kwa kitenge, akaivaa, akaivua tena.

"Kwa hivyo niriona vizuri," akasema.

"Uliona vizuri, dada. Macho yako hayakuwa na shida hata siku moja."

Nilimuuliza nifanye nini na ukurasa, niwaambie muuchome? Akatikisa kichwa. "Usichome tena kitu. Piga mstari mmoja."

Basi ndivyo mtakavyofanya, vijana. Mstari mmoja juu ya nambari nne, zibaki zikisomeka. Kando yake andikeni: hazikuitwa. Nambari alizoziita Nekesa zilipotea na hazitapatikana, mimi sikuzisikia na yeye hazikumbuki, kwa hiyo msiandike nyingine mahali pake. Na jina langu liacheni hapo hapo lilipo.

Nilisimama kuaga. Hakunisindikiza barabarani kama zamani. Nilikuwa nimefika kwenye ua aliponiita, nikageuka.

"Na hiyo penarti," akasema. "Iriingia ama iritoka?"

Nilitafuta kichwani. Niliikumbuka redio, raba kwenye betri, filimbi, sauti ya mtangazaji ikipanda. Nilisimama pale muda mrefu kuliko inavyofaa mgeni kusimama kwenye ua wa mtu, nikiutafuta ule mpira.

"Sikumbuki, dada," nikamwambia. Hata timu zilizokuwa zinacheza sizikumbuki.